Kabla Uambiwe "Badilisha Fikra", Jua CBT Ilitoka Wapi

Kuna kitu kinanikera siku hizi. Kila nikifungua simu napata msee amesimama mbele ya gari ambalo pengine si lake, ananiambia shida yangu ni fikra. Ati nikiwaza umaskini nitabaki maskini, nikiwaza mafanikio pesa itanifuata yenyewe. Sawa, hao tumewazoea. Lakini sai wameongeza kitu kipya: wanasema hii ni sayansi, inaitwa CBT, na madaktari wa Marekani wameithibitisha. Hapo ndo nikasema, ngoja kwanza.

CBT ni kifupi cha Kiingereza. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita tiba ya fikra na tabia. Ni tiba ya mazungumzo: unakaa na mtu aliyefunzwa, mara nyingi kwa wiki kadhaa wala si miaka, mnaangalia unavyowaza, unavyojisikia na unavyofanya, na jinsi hivyo vitatu vinavyosukumana. Nimekuwa nikisoma historia yake kwa muda, na kitu kimoja kimenishangaza. Hii tiba haikuanzishwa na mtu wa kuambia watu wawaze vizuri. Ilianzishwa na daktari aliyekuwa na tabia ambayo wenzake hawakuipenda hata kidogo, tabia ya kudai ushahidi.

Anaitwa Aaron Beck. Alizaliwa mwaka wa 1921 huko Providence, Marekani, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Urusi. Mama yake alikuwa na sonono, ile wengi wetu tunaita dipresheni, baada ya kuzika binti katika ile homa iliyoua mamilioni ya watu duniani mwishoni mwa Vita vya Kwanza. Akiwa mdogo Beck alivunjika mkono, kidonda kikaingia sumu, akalazwa muda mrefu na nusura afe. Shule ilimpita, akarudishwa nyuma darasa. Akaamua kichwani kwamba yeye ni mjinga. Ndugu zake wakubwa wakamsaidia kusoma, akawafikia wenzake, kisha akawapita. Fikra ilisema "mimi ni mjinga", alama zikasema tofauti. Nikisoma hapo naona karibu CBT yote, ingawa wakati huo alikuwa mtoto wa primari tu.

Alisomea udaktari Yale, na mwaka wa 1954 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia. Wakati huo tiba ya akili Marekani ilikuwa mikononi mwa wafuasi wa Sigmund Freud. Mgonjwa analala kwenye kochi, daktari anakaa nyuma yake asionekane, mgonjwa anaongea chochote kinachokuja. Hii inaweza kwenda miaka, siku kadhaa kila wiki. Kazi ya daktari ni kutafuta maana iliyofichwa, kwa sababu walichukulia kwamba mtu mwenyewe hajui kinachomsumbua. Na Beck hakuwa mpinzani wao. Alisomea hiyo kazi, aliiamini, na alitaka kuwafunga midomo waliosema haina sayansi.

Kwa hiyo akachagua dai moja la kupima. Wafuasi wa Freud walisema mtu mwenye sonono ana hasira kwa mtu mwingine, lakini ameigeuza ikamrudia mwenyewe. Kama ni kweli, Beck akawaza, basi ndoto zao zitakuwa zimejaa hasira, kwa sababu usingizini mtu hajizuii. Akakusanya ndoto za wagonjwa wenye sonono, akalinganisha na za wagonjwa wengine.

Hasira haikuonekana vile walivyotabiri. Alichokuta ni ndoto za kupoteza, kukataliwa, kushindwa. Yaani usingizini waliota yale yale waliyokuwa wakisema mchana wakiwa macho. Sasa hapa ndo penye utamu. Mfuasi mwaminifu angesema hasira imejificha zaidi, tuchimbe tena. Na ukitaka kujua kama wazo ni imani au sayansi, angalia hapo tu: kuna matokeo yoyote ambayo yangemfanya mwenyewe akubali kwamba alikosea? Beck alikubali. Akaanza kuwaza kwamba labda watu wanamaanisha wanachosema.

Kuna kisa alichokisimulia mara nyingi baadaye. Mama mmoja alikuwa kwenye kochi anamhadithia mambo yake ya mapenzi, na alionekana kujawa na wasiwasi. Beck akampa maelezo ya kitabuni: unaogopa kwa sababu unahisi nitakuhukumu kwa hayo mambo. Yule mama akamjibu kwamba hapana, alikuwa anaogopa tu kwamba anamboesha daktari.

Wazia hiyo. Miezi yote mama analala pale, na chini ya hadithi anayosimulia kwa sauti kuna sauti nyingine ndogo inapita: namchosha, anataka niondoke, sina cha maana. Hakuna aliyewahi kumuuliza kuihusu. Beck akaanza kuuliza wagonjwa wengine, na kila mmoja alikuwa nayo. Fikra za haraka haraka, zinazojileta zenyewe, fupi, na mtu anaziamini bila kuzikagua kwa sababu zinapita kama ukweli wa kawaida. Hazikuhitaji kuchimbwa miaka. Zilikuwa hapo juu juu, zinangoja mtu aulize.

Alipoomba kuingia chama kikuu cha wachambuzi wa nafsi Marekani, wakamkataa. Sababu? Kutaka kwake kufanya utafiti wa kisayansi kulionyesha kwamba yeye mwenyewe hakuchambuliwa sawasawa. Maze, nilicheka kisha nikaacha kucheka, kwa sababu ukiangalia hii mitaa yetu, ni mara ngapi mtu anauliza swali anaambiwa kuuliza kwenyewe ni ugonjwa?

Sasa hiyo kitu inafanyaje kazi? Nichukue mfano wetu. Umetuma meseji kwa crush wako saa mbili usiku. Tiki mbili za buluu. Kimya. Kufika saa tatu tumbo limekaza, saa nne umeshafuta ile picha uliyoweka, kesho yake unamkwepa. Ukiulizwa kwa nini una huzuni utasema "kwa sababu hajanijibu". Beck angekurudisha nyuma kidogo: kati ya tiki na tumbo kukaza, nini kilipita kichwani? Labda ni "ananiona bure". Haya, iandike. Una ushahidi gani kwamba ni kweli? Una ushahidi gani kwamba si kweli? Jana alikujibu baada ya muda gani? Wewe mwenyewe umewahi kusoma meseji ukiwa kwa matatu ukasema nitajibu nikifika, ukasahau? Kisha sehemu ambayo wale wa motisha hawaigusi kabisa: nenda ukapime. Usimkwepe. Mwongeleshe kesho, uone.

Jaribio linaweza kukujibu vibaya. Kweli anaweza kuwa hakutaki. Hapo CBT haikuambii ujifanye anakutaka. Inakuuliza swali lingine, kwamba kukataliwa na mtu mmoja kunathibitisha vipi kuwa wewe ni bure kwa kila mtu. Kuwaza vizuri kungekuambia usione ukweli. Hii inakulazimisha uuone wote, pamoja na ule upande ambao huzuni imeufunika.

Beck hakuwa peke yake. New York kulikuwa na Albert Ellis, mkali wa mdomo, aliyeanza tiba yake mwaka wa 1955. Akiwa na miaka 19 aliogopa wasichana vibaya sana. Akajipa kazi: kwa mwezi mmoja aende bustani ya mimea kule Bronx, akiona mwanamke amekaa kwenye benchi, akae naye amsalimie. Aliongelesha 130. Thelathini waliinuka wakaenda zao. Mia moja waliongea naye. Kati ya hao mia, mmoja alikubali kukutana naye tena, na hakutokea. Kama hesabu ya kutafuta mpenzi hiyo ni aibu tupu. Lakini Ellis alisema hakuna aliyempigia polisi, hakuna aliyetapika, na woga ukaisha. Yeye alikuwa msomaji wa Epictetus, mtumwa wa zama za Warumi aliyekuja kuwa mwalimu wa falsafa, aliyefundisha kwamba tukio ni kitu kimoja na hukumu yako juu ya tukio ni kitu kingine. Kwa hiyo wazo lenyewe ni la kale. Kipya kilikuwa kulipeleka maabara.

Na ile herufi ya katikati, ya tabia, ina ukoo wake tofauti. Mwaka wa 1924 Mary Cover Jones alichapisha kisa cha mtoto aliyeitwa Peter, aliyeogopa sungura. Alimpa chakula alichokipenda huku sungura akisogezwa karibu kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka Peter akamshika mwenyewe. Miaka baadaye Joseph Wolpe, daktari wa Johannesburg, aliwatibu wanajeshi wa Afrika Kusini walioharibiwa na Vita vya Pili. Dawa alizopewa azitumie hazikuwasaidia sana, akatafuta njia nyingine ya kuufifisha woga kwa hatua ndogo ndogo mwili ukiwa umetulia. Kitabu chake kilitoka 1958. Nalitaja hili kwa sababu watu hupenda kusema tiba hizi zote ni za kuletwa kutoka ng'ambo. Nusu moja ya ukoo huu imepitia Afrika, ingawa, tuseme ukweli, ni Afrika ya ubaguzi, na si kila mtu angepata kiti kwa huyo daktari.

Mwaka wa 1977 Beck na wenzake walitoa matokeo ya jaribio: wagonjwa 41 wenye sonono, wengine wakipewa dawa ya imipramine iliyokuwa ikitegemewa wakati huo, wengine tiba yake. Waliopata tiba ya kuongea walipona zaidi. Majaribio yaliyofuata yamepunguza hiyo tofauti, mara nyingi dawa na CBT zinakaribiana, lakini wakati huo lilikuwa pigo. Kuongea kuishinde dawa? Baada ya hapo mambo yakaenda mbio, na mwaka wa 2008 Uingereza ikaanza kuitoa kwa maelfu ya watu kupitia hospitali za serikali.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka ule ule wa 1954 Beck anaanza kazi Philadelphia, serikali ya kikoloni Kenya ilikuwa na mtaalamu wake wa akili za Waafrika. J. C. Carothers, daktari Mwingereza, alikuwa amekabidhiwa Mathari mwaka wa 1938 bila kuwa amesomea magonjwa ya akili, akakaa huko mpaka 1950. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Ndani yake alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alisema pia sonono ni nadra kwetu, kwa sababu hatuna ule mzigo wa kujiona wenye wajibu. Mwaka uliofuata akaandika kuhusu Mau Mau, vita vya ardhi vikageuzwa kuwa tatizo la akili za Wakikuyu.

Waweke hawa wawili kando kwa kando. Mmoja anamsikiliza mgonjwa akisema "nimeshindwa, nimepoteza", anaamua kuamini kwamba anamaanisha hivyo. Mwingine anakaa Nairobi katikati ya watu walionyang'anywa mashamba na anaandika kwamba huzuni haiwafiki. Na hiyo imani haikuondoka na Mwingereza. Wangapi kati yetu tumeambiwa dipresheni ni ya wazungu na watoto wa Runda? Hata sheria ilisaidia. Kifungu cha 226 kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kilitoka enzi hizo, na ni Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilisema kinakiuka Katiba.

Wazimbabwe wana neno, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mshona anayelisema anaeleweka na bibi yake bila kutafsiriwa, kama vile sisi tukisema "mawazo yamenizidi". Dixon Chibanda, daktari wa akili Harare, anasimulia kwamba alimpoteza mgonjwa wake mmoja kwa kujiua. Mama ya huyo msichana alimwambia hawakuwa na dola 15 za nauli ya kufika hospitali. Chibanda akaanza kufundisha kina nyanya wa mtaa wa Mbare, kumi na wanne mwanzoni, wakae kwenye mabenchi nje ya zahanati wawasaidie watu kuchambua shida zao moja moja. Hiyo si CBT kamili, ni binamu yake, ile ya kutatua matatizo. Jaribio la watu 573 lililochapishwa 2016 lilionyesha waliokaa na kina nyanya walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Nairobi pia tuna jaribio letu. Lilichapishwa 2017, wanawake 518, wengi wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya ya jamii, watu wa mtaa wasio madaktari, walifunzwa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano: kupumua polepole, kugawanya tatizo vipande, kurudia shughuli ulizoacha, kutafuta watu wa kukushika mkono. Waliouandaa waliacha nje ile sehemu ya kujadiliana na fikra, kwa sababu ni ngumu kumfundisha mtu kwa siku chache. Miezi mitatu baadaye wale wanawake walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Na angalia jina la shirika. Ni lile lile lililomchapisha Carothers.

Ningeishia hapo ningekuwa nauza. Mpango huo huo ulipelekwa vijijini Kenya na wachumi, kati yao Johannes Haushofer na Robert Mudida, wakaupima kwa watu zaidi ya 5,000. Wengine walipata vikao vitano, wengine walipewa pesa mkononi, wengine vyote viwili. Mwaka mmoja baadaye, waliopewa pesa walikuwa na hali nzuri zaidi kimaisha na pia kiakili. Vikao peke yake havikuonyesha tofauti, na kuviongeza juu ya pesa hakukuongeza kitu. Kuna sababu zinazojadiliwa. Hawakuchaguliwa kwa sababu ni wagonjwa, na mwaka mmoja ni muda mrefu. Lakini matokeo ndo hayo, na ukiwa mfuasi wa Beck huruhusiwi kuyaficha.

Kisha kuna Monrovia. Liberia baada ya vita, vijana 999 wa mtaani, wezi wa simu, wauza madawa, wengine waliowahi kubeba bunduki. Shirika la hapo hapo liliwapa wiki nane za mafunzo ya aina ya CBT. Mazoezi yake nayapenda sana: nyoa nywele, vaa vizuri, ingia benki au supamaketi usimame humo ndani, uone kama kweli watakufukuza vile kichwa chako kinavyosema. Ni Ellis na benchi lake kabisa. Baadhi walipewa pia dola 200. Waliopata pesa peke yake walibadilika mwanzoni tu. Waliopata mafunzo peke yake walibadilika, kisha mabadiliko yakafifia. Waliopata vyote viwili, miaka kumi baadaye uhalifu na ukatili wao ulikuwa umepungua kwa takriban nusu.

Kwa hiyo yule msee wa gari akikuambia CBT imethibitisha umaskini ni fikra, mwambie Kenya tumepima, na pesa ndo iliyofanya kazi. Rafiki akikuambia basi tiba ya kuongea ni upuzi, mwambie kuhusu wale wanawake 518. Ukiwaza "sina kodi ya nyumba" na kweli huna, hakuna cha kurekebisha kwa hiyo fikra. Ni taarifa. Kinachofaa kukaguliwa ni ile inayofuata nyuma yake usiku, ile ya "kwa hivyo mimi si mtu".

Na ukienda kwa mtaalamu, chunguza anavyofanya. Anayefanya CBT kweli atakupa kazi ya kwenda nayo home, kuandika na kujaribu vitu. Atakuuliza umejuaje, hatakuhubiria. Atakuambia mapema mtakutana mara ngapi na mtajuaje kama inasaidia. Beck alitunga fomu yake ya maswali 21 mwaka wa 1961 kwa sababu hiyo, na bado inatumika. Kama uko mahali pabaya kiasi cha kufikiria kujiua, usingoje upate mtaalamu wa aina fulani. Mwambie mtu leo, nenda hospitali yoyote iliyo karibu.

Beck alifariki Novemba 2021 akiwa na miaka 100. Alikuwa bado anafanya utafiti uzeeni, safari hii kuhusu watu wenye skizofrenia, ambao madaktari wengi walikuwa wameacha kuwasikiliza.